Matundu Mawili Kichwani

Blandina Nanguka aliliweka mezani pangu
likiwa ndani ya gunia la korosho, shingo nje, kama kuku wa kuuzwa.
"Nitafutie limezaliwa wapi," akasema.
"Kuna mtu Dar ananunua magitaa ya zamani,
lakini analipia jina, halipii mbao."

Kichwani, jina lilipokaa, pana matundu mawili ya msumari
na kivuli cha rangi isiyojua jua,
kirefu kama kidole cha mtoto.
Aliyeling'oa bango lile alitumia kisu, tena kwa haraka.

Mimi ni fundi redio, hapa Mkuti, Masasi.
Nazijua feni, nazijua pasi zilizoungua.
Gitaa la umeme kwangu ni redio iliyoota shingo,
kwa hiyo nikaanza kama ninavyoanza siku zote:
bisibisi, kibakuli cha skrubu, kimya.

Skrubu ya kwanza, ya msalaba.
Ya pili, ya mstari mmoja.
Ya tatu ni msumari, kichwa kimechanjwa kwa msumeno
ili ujifanye skrubu.
Nikasema, haya, hawa si wa mama mmoja.

Chini ya nyuzi, vinasa sauti viwili.
Kimoja kina maandishi ya Kijapani, yamekwaruzwa,
umebaki mguu wa herufi.
Cha pili hakina neno. Waya wake umezungushwa kwa mkono,
najua, maana umepishana, umelegea mahali,
na mashine haiachi kazi ikaenda kula.
Katikati yake, sumaku ya spika.
Sumaku kama ile nimezitoa mwenyewe kwenye redio mbovu
hadi nikaacha kuhesabu.
Kitufe cha sauti: kifuniko cha chupa ya wino.

Saa sita Blandina akapiga simu. "Mjapani?"
"Nusu."
"Nusu hailipwi," akacheka, akakata.

Nikakwangua rangi. Mninga,
harufu ya dawati jipya, ya Januari.
Shingo ni mpingo, nzito kiasi kwamba
ukiliachia gitaa linainamisha kichwa kama mtu aliyekosa.
Vyuma vya noti ni spoki za baiskeli.
Nilivipima kwa rula ya mwanangu, kimoja kimoja:
vyote viko sawa isipokuwa cha saba,
kimesogea unene wa kucha.
Nikaliwasha, nikaligusa pale pa saba.
Chachu. Kama embe lililochumwa na mwizi.

Ndipo nikaifungua shingo.
Ndani ya shimo lake, pasipofika macho ya mchezaji dansi,
alama iliyochomwa kwa chuma cha moto:
mwezi mwandamo, na chini yake mikato mitatu.
Nikaijua kabla sijakumbuka naijuaje.

Jumapili nikapanda Chikundi.
Mama alikuwa anakuna nazi.
"Simama kidogo," nikamwambia,
nikaipindua mbuzi, ileile niliyokuwa nikiipanda utotoni
nikiendesha pikipiki hadi Newala bila kutoka uani.
Tumboni mwake: mwezi, mikato mitatu.

"Yule?" akasema mama. "Hakuwa fundi gitaa.
Alikuwa fundi mbuzi. Na majeneza, ukifika msiba.
Mkono wa kushoto vidole vitatu.
Masika moja walimletea gitaa limevunjika vipande,
wanamuziki, wamelowa, wanalia kama wafiwa.
Akakaa nalo mpaka mvua zikaisha.
Sijui alichobakiza cha lile la kwanza."
"Jina lake?"
"Tulimwita Fundi. Ungemwitaje?"
Akaniomba mbuzi yake, nazi inakauka.

Jumatatu nimemweleza Blandina yote,
hata lile la saba.
Hakukasirika. Alipitisha kidole juu ya yale matundu mawili.
"Baba alikuwa anapeleka debe la korosho Chikundi
kila Pasaka," akasema. "Mama alidhani ni mwanamke."

Daftari langu la risiti lina mstari wa Aina, mstari wa Kampuni.
Kwenye Kampuni nimechora mwezi, nikaweka mikato.
Ameutazama, akakunja karatasi mara mbili.
Gunia ameshalifunga, shingo nje vilevile,
amefika mlangoni, akageuka:

"Na hiyo mbuzi, mama yako anaiuza?"